Mashine Zote Zimefanikiwa

Bibi Kunigunda wa Ukata alikufa Agosti. Mimi Vitalia, fundi wa kompyuta wa kituo cha kumbukumbu hapa Mbinga mjini, nikamuua mara ya pili Desemba. Naandika hivyo mapema, asije mtu akailaumu radi.

Kituoni tuna seva, kompyuta moja kubwa ambayo ndani yake nimegawa kompyuta kumi na mbili za kufikirika. Sisi mafundi tunaziita mashine pepe. Kila moja ina kazi yake na mfumo endeshi wake, Windows au Linux, na haijui habari za mwenzake, kama wapangaji wasiosalimiana. Kila jioni nakala zake huenda Songea kwa mtandao ambao mvua ikinyesha nao unalala. Mkurugenzi wetu, Bwana Kilian, aliona mtandao hautoshi, akaniambia nichague za kwenda. Uvivu ukanizidi, sikutaka kuchagua moja moja. Nikaweka kichujio: zinakiliwe zote zenye Windows, zenye Linux ziachwe. Linux zilikuwa mbili tu wakati huo, za majaribio yangu, takataka tupu. Nikajiona nina akili.

Baadaye mashine iliyotunza sauti za wazee ikaanza kujizima ovyo. Nikaijenga upya kwa Linux, ikatulia. Kichujio sikukigusa, na nakala yake ya zamani ikafutwa, maana Songea hujifuta zenyewe nakala zisizoletwa upya kwa mwezi. Kila asubuhi ripoti ilikuja ya kijani: mashine zote zimefanikiwa. Zote, yaani zote zilizochaguliwa. Jana zilikuwa kumi, leo tisa, na mimi nilitazama rangi nikaenda kunywa chai.

Ndani ya mashine ile ndimo alimokuwa Bibi Kunigunda. Alizaa watoto kumi na wawili, wakakua watano. Saba walikufa wachanga kabla ya kubatizwa, kwa hiyo daftari la parokia halina majina yao, na makaburi yao hayana misalaba. Baba yao aliwazika kwenye shamba la kahawa, kila mmoja chini ya mbuni wake. Mume alipokufa, aliyebaki anajua ni Bibi peke yake. Tulipomwendea, alitembea shambani na fimbo yake, mimi nyuma na kinasa sauti, akitaja: huyu ni fulani, mbuni huu, wa ngapi kutoka mferejini. Nilivaa visikilizio nikakodolea macho mshale wa sauti usipande sana. Nilikuwa nasikiliza kama sauti ni safi. Anachosema sikukifuata. Nilipofika ofisini nilihamisha sauti, nikafuta kinasa kipate nafasi ya mzee mwingine.

Radi ilipopiga na diski zikaungua, wala sikuhangaika. Niliagiza nakala kutoka Songea huku nimeegemea kiti. Zikarudi tisa. Nikahesabu tena, nikafungua kichujio, nikasoma neno Windows nililoliandika kwa mkono wangu.

Wakati huo watoto wa Bibi walikuwa wameshakubaliana kung'oa mibuni ya zamani, haizai tena, wapande miche mipya. Walikuwa wananingoja mimi na ile sauti, waijue mibuni saba ya kuachwa imesimama. Kwenye simu nilishindwa kusema. Jumamosi nikapanda pikipiki kwenda Ukata.

Mama Lidia, bintiye mkubwa, alinipokea uani. Miche ilikuwa imepangwa ukutani, na mdogo wake, Joakim, alikuwa anagongomea mpini wa jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mama?"

"Sikumleta. Sauti imepotea, mama. Haipo tena popote."

"Ni ile radi?"

Ningeitikia tu, ningekunywa togwa yao nikaondoka mtu mwema. "Radi iliunguza," nikasema, "lakini kulipaswa kuwa na nakala Songea. Mashine yake niliiacha nje mimi."

"Uliiacha kwa nini?"

"Haikuwa ya aina niliyoagiza inakiliwe."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hata mama aliambiwa hivyo parokiani alipotaka waandikwe," akasema. "Kwamba si wa kuandikwa."

Joakim akasimama. "Dada, mvua ndiyo hii. Miche haitangoja wiki nyingine, na tukiacha shamba lote kwa ajili ya mibuni saba tusiyoijua, tutakula nini?"

Mama Lidia alinigeukia. "Wewe ulikuwa naye. Hukumbuki hata mmoja?"

Nilijikamua. Saba wote, nikapata mmoja. "Ignatio."

"Chini ya upi?"

"Sikumbuki, mama."

Alifunga kanga kiunoni akaingia shambani. Kwenye mbuni wa kwanza aliinama, akashika shina, akasema, "Ignatio, tusamehe." Kisha akampisha Joakim, jembe likashuka. Akaenda wa pili, akasema hivyo hivyo. Na wa tatu. Ilikuwa mibuni mia mbili na zaidi, na jina tulikuwa nalo moja. Nilimfuata nyuma, kama nilivyomfuata mama yake, safari hii bila kinasa. Wale sita hawakuitwa na mtu.

Tulipofika kama mbuni wa arobaini sauti ilimkauka. Akakaa chini kwenye udongo uliofukuliwa, akanionyesha mstari uliobaki.

"Endelea wewe," akasema.

Nikashika shina lililofuata, nikaita.