Ukurasa wa Nani Aione

Uvumi niliupata kwa mshonaji, Jumanne asubuhi, nimepeleka sketi ipunguzwe kiuno. Aling'ata uzi, akasema bila kunitazama, "Shoga, nasikia mkweo anajua binti yako anakaa kwenye mlango wa bluu."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu tu. Mimi simo."

Nilicheka, nikamwambia watu wana midomo. Lakini njiani nilijaribu kuwaza mambo mengine, mlango ukawa unarudi. Kwa sababu ni kweli ulikuwa wa bluu, na tulioujua tulikuwa watatu: mimi, kifungua mimba wangu aliyekaa humo na mwanawe, na mdogo wake wa kiume.

Binti yangu alimkimbia mumewe miezi minane iliyopita, mkono umevunjika, mtoto mgongoni. Mume ni fundi wa friji, mcheshi mbele za watu. Alimwambia, "Hata ukijificha ndani ya yai nitakutoa." Kwa hiyo tulimficha, na mimi nikaapa sitafungua mdomo. Sikuufungua. Nawaambia ukweli, mdomo sikuufungua.

Sasa huyu mdogo wake, kitinda mimba. Kazi yake ni programu ya simu ya kukusanya picha za sherehe. Mezani kwa wageni panawekwa kikaratasi chenye mraba wa madoadoa meusi. Unaupiga picha kwa simu, na picha za kila mtu zinaingia kwenye albamu moja. Yeye anapanga mtu aone nini na abonyeze wapi. Majirani wanamwita Bwana Vitufe. Kabla ya kumpelekea bosi, alikuwa ananijaribia mimi. "Mama ndiye kipimo changu. Akiweza yeye, nani atashindwa?" Ananikalisha mezani, ananipa simu, haruhusiwi kunisaidia. Nikikwama, anaandika kwenye kikaratasi cha njano.

Siku moja nikakwama.

"Inakuuliza nini, mama?"

"Nani aione. Mimi tu, niliowachagua, au wageni wote. Sasa mwanangu, hii ni picha au ni kituo cha polisi?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ukurasa huo nimeupigania kwa bosi wiki mbili."

"Umepigania upepo. Utoe, unachosha watu."

Akaandika: Mama amekwama hapa. Akakibandika ukutani.

Ukurasa akautoa. Bosi akampongeza, watu wanapandisha picha upesi. Swali likahamia kona ya juu, ndani ya kigurudumu kidogo kama punje ya mchele, na jibu likawa limeshachaguliwa: wageni wote. Kikabaki kitufe kimoja cha kijani, kipana kama kidole gumba, kimeandikwa Maliza. Nami nilijisifu mtaa mzima kwamba ile nimeirahisisha mimi.

Ikaja Jumamosi, harusi ya mtoto wa dada yangu. Binti yangu hakuweza kwenda, akihofia kuonekana. Nikampitia anibane kola kwa pini. Alinizungusha, akanitania, "Mama, leo utamfunika bibi harusi." Nikataka nibaki na sura yake siku ile. Akasimama mlangoni na mwanawe, namba nyeupe ya nyumba juu ya kichwa chake. Programu ya harusi mwanangu alikuwa ameshanifungulia kwenye simu yangu, nikapigia picha humo humo. Nikabonyeza cha kijani, maana hapakuwa na kingine cha kubonyeza.

Jumanne ile, baada ya mshonaji, nilimfuata mwanangu nikamweleza. Alifungua albamu, akasogeza kidole, akasimama.

"Mama, hii umeiweka lini?"

Binti yangu alikuwa anatabasamu. Chini yake jina la mtaa limejiandika lenyewe. Na chini zaidi: imeonwa na watu 214.

"Wageni si walikuwa themanini?"

"Mwenye mraba anaweza kumpa mwenzake. Na mwenzake akampa mwenzake."

Akaifuta. Nikamuuliza, imefutika? Akasema, "Kwetu imefutika," akakaa sakafuni kama mtoto.

Tulikwenda mbio. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Nguo za mjukuu wangu zilikuwa kwenye kamba, bado mbichi. Mwenye nyumba akatuambia, "Jana alikuja mwanamume, anasema ameitwa kutengeneza friji. Nikamwambia humu hakuna friji. Akasema basi atarudi. Binti alipotoka kazini nikamweleza. Asubuhi sikumkuta."

Binti yangu alinipigia mara moja tu.

"Mama, tu wazima."

"Uko wapi?"

"Usiniulize."

"Mimi ni mama yako!"

"Ndiyo, mama. Na atakuja kwako kwanza. Sitaki uwe na kitu cha kumficha."

Nyuma yake nikasikia, "Ni bibi?" Ikakatika. Nilipoirudia namba akapokea kinyozi, akasema alimwazima mpita njia simu, na hakumwona alikoelekea. Wiki ya tano sasa sijamsikia.

Mwanangu aliurudisha ukurasa wa nani aione. Bosi akauondoa siku ya tatu, eti watu wanakwama. Jioni anarudi, anakula, anaingia chumbani. Hanijaribii tena kitu. Kikaratasi cha njano bado kiko ukutani, na hakuna kati yetu anayekigusa.

Mimi nimeishia shule ya msingi. Ninyi mnaosoma, epukeni haya:

Usipigie picha ndani ya programu ya sherehe kitu kisicho cha sherehe.

Usimpige mtu picha mlangoni kwake.

Usiiachie simu iandike ulipo.

Usibonyeze kwa sababu kitufe ni kimoja. Tafuta kile kigurudumu.

Usidhani albamu ni ya wageni tu.

Usidhani ukifuta imefutika.

Na programu ikikuuliza nani aione, usiicheke. Usimwambie mwanao aitoe.