Ndege Juu ya Paa la Hekalu

Umezo aliigeuza picha ya ng'ambo, akakagua mgongo wake. Turubai tupu, fremu, misumari. Wachapaji wa Tokyo huitazama chapa kwa nyuma kwanza, maana huko ndiko mkono uliokandamiza karatasi juu ya ubao uliochongwa na kupakwa rangi huacha alama zake. Hapa hakuona mkono wa mtu.

"Picha iko mbele, Umezo," alisema bosi wake, Kanbei. "Au huko nyuma umedondosha kitu?"

Umezo akaigeuza tena. Hekalu alilijua. Ngazi alizijua, na yule mwanamke mwenye mwavuli. Ilikuwa chapa yake mwenyewe ya theluji, iliyovuka bahari zamani, na sasa mchoraji wa huko ameiiga kwa rangi za mafuta. Ila theluji ilikuwa nzito kama uji wa mchele, yenye buluu na waridi ndani yake. Na angani, juu ya paa, aliruka ndege mweupe.

Ndege? Pale ubao wake ulimeguka miaka mingi iliyopita, rangi haifiki, na kila chapa hubaki na pengo jeupe.

Kanbei alieleza kwamba mnunuzi wa Yokohama anataka picha hii ichapwe kwenye karatasi, theluji na ndege wakiwemo. Anakuja jioni. Asiporidhika, kazi zote atawapa wenye mashine za kuchapia kwa mawe, na karakana itafungwa.

Umezo aliinamisha kichwa mbele ya kimadhabahu cha ukutani, akaomba aonyeshwe njia. Akapaka rangi ya unga mweupe wa makombe ya baharini. Karatasi ikachafuka. Akaongeza buluu, ikawa balaa. Maisha yake yote theluji ilikuwa mahali asipogusa. Sasa aguse vipi?

Mkewe, Oshige, alileta chai, akauliza kama anachapa au anapika.

Mwishowe Umezo alitoa ubao wa zamani, ule uliomeguka. Akachapa anga la kijivu, akaiacha theluji kuwa karatasi tupu, kama siku zote. Hakujua kama hilo ndilo jibu, au ni uchovu tu.

"Huyu ndege umemweka saa ngapi?" Oshige aliuliza.

"Sijamweka. Ni pengo."

"Pengo lenye mabawa, baba Tome?"

Umezo akainama kulitafuta pengo. Hakuliona tena. Aliona ndege tu.

Jioni mnunuzi aliishika karatasi ikiwa bado mbichi, akasimama nayo dirishani. Kisha, taratibu, akaigeuza kutazama nyuma.