Zamu ya Immaculée

Chubu, chubu, chubu. Sauti ilitoka jikoni, na Bulonza akaitambua kabla hajafumbua macho. Mtu alikuwa anasuka maziwa kwenye kibuyu. Katika Whitehall nzima, huko Amerika, kibuyu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa chake.

Alijikongoja hadi mlangoni. Immaculée, mke mwenzake, aliyeletwa jana kutoka Buffalo, alikuwa amekaa sakafuni akitikisa maziwa ya dukani, ya galoni, yale yasiyotoa siagi hata yasukwe mwaka mzima.

Tangu enzi za Wabelgiji, wake wengine wa Mwami, mume wao na mtawala wa kwao, walipewa ng'ombe na mashamba. Bulonza alipewa kibuyu. Alikifukiza, akasuka, akamnywesha Mwami kwa mikono yake. Hata Mwami alipokuwa mbunge, hakunywa penginepo.

"Weka chini," Bulonza alisema.

"Yaya, dada yangu, leo ni zamu ya nani?"

Immaculée hakuwa anatania. Akili yake ilikuwa imerudi nyuma miaka sitini, na huko Mwami bado alikuwa hai.

Gracieuse, mke wa mjukuu wa Bulonza, alikuwa anafunga viatu vya kazini. "Koko, tangu jana hajaonja kitu. Anasema anangojea bwana. Binti yake amesema, akikataa na leo, bon, ni nyumba ya wazee."

"Basi apelekwe."

Immaculée aligonga kibuyu kwa kidole, mara mbili, akatega sikio. Mwami ndiye aliyegonga hivyo kabla ya kunywa, chumbani, akiwa na Bulonza tu.

"Nani alikufundisha?"

"Yeye. Akasema zamu yangu ikifika, nitamnywesha mimi. Nilisuka, nikangoja. Ukatuma mutu kusema ana homa."

Hapakuwa na homa. Bulonza alimzuia kwake makusudi, na kesho yake Mwami akapanda ndege ya Léopoldville, mji mkuu. Kilichorudi ni jeneza.

Gracieuse alitazama saa, akatoka. Bulonza alishuka sakafuni polepole, goti baada ya goti. Alimimina maziwa kikombeni, akakishika kwa mikono miwili.

"Kunywa, mdogo wangu. Upate nguvu ya kumpokea."

Immaculée alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye. "Atakuya kweli?"

Bulonza alimsogezea kikombe mdomoni.

"Leo ni zamu yako," alisema. "Atakuya kwako. Na mimi sitatuma mutu."