Harufu ya Kona ya Wino

Talaka ilimtoa Mama Matone nyumbani kwa mumewe, lakini haikumtoa machoni pa wifi yake. Kila siku ya kazi walikuwa chumba kimoja, meza mbili, hatua nane katikati. Mama Matone alichanganya wino, wifi akauchapa kwa mashine. Na si wino wa magazeti: huu hupakwa tabaka juu ya tabaka kwenye plastiki laini, na ukipitiwa na umeme unawaka kama taa. Kazi hiyo ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwenye ndoa ile, ukiacha watoto wawili na sufuria lisilo na mfuniko.

Wiki hiyo taa ziligoma. Kila tone lilikauka likaacha pete nyeusi ukingoni na katikati kweupe, kama meza iliyowekwa kikombe kichafu. Wifi akasema wino mbovu. Mama Matone akasema mashine chafu. Maneno yakatoka kwenye wino yakaingia kwenye ukoo: nani mvivu, nani alijifanya mgonjwa mama mkwe alipolazwa. Mkuu wao, waliyemwita Miwani, akachoka. Mteja anakuja mchana, akasema, na mwenye kosa atarudisha koti la kazi leo leo, aende zake.

Mama Matone akadai matone yenyewe yaamue. Wino wake una viyeyusho viwili, chepesi kinachoruka hewani upesi na kizito kinachokawia. Vikikaa kwa kipimo, tone hukauka bapa. Chepesi kikipungua, rangi yote inakimbilia ukingoni. Alikuwa na hakika wifi ameongeza kizito kwenye katriji, kile kikopo cha wino cha mashine, ili azibue matundu ya kutolea wino.

"Tone la katriji yake na tone la chupa yangu, kioo kimoja," alisema. "Aibu ina mwenyewe."

"Dondosha," wifi akamjibu. "Sisi wengine hatujaachwa, hatuna haraka ya kurudi kwetu."

Miwani akaongeza tone la tatu, la wino mpya uliopimwa mbele ya macho yake. Kioo kikawekwa kwenye bamba la moto, na watu wakaacha meza zao. Ugomvi wa mawifi haukosi wasikilizaji.

Walipotazama kwenye hadubini, wino mpya ulikuwa bapa kama sarafu. Tone la katriji lilikuwa na pete, na Mama Matone akaanza kutabasamu. Tone la chupa yake lilikuwa na pete pia, nene kuliko ile.

Akaikamata chupa. Mfuniko ulizunguka bure, mpira wake umechanika. Kiyeyusho chepesi kilikuwa kikitoroka kidogo kidogo kwa siku nne, na katriji ilijazwa kutoka chupa hiyo hiyo.

"Jumatatu nilikwambia kona yako inanuka," wifi alisema.

"Ulisema nanuka mimi."

"Wewe una kesi yako. Mimi nilisema kona."

Na kweli alisema kona. Mama Matone alirudi nyumbani siku ile akajisugua mara mbili, kisha akawasimulia majirani tusi alilotukanwa, na wao wakalipeleka mbele kwa nyongeza. Chupa hakuigusa. Miaka sita ya viyeyusho ilikuwa imeitia ganzi pua yake. Yeye hakusikia harufu yoyote.

Akaanza kufungua vifungo vya koti. Kwenye cha pili mkono ukasimama.

"Umesikia harufu siku nne," alisema polepole. "Hatua nane tu. Kwa nini hukuja kuufunga mfuniko?"

Wifi aliitazama mashine yake, kisha sakafu.

"Nilitaka ikuumbue."

Miwani alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kipimo cha kuchanganya wino hakina kosa, akasema, kwa hiyo mteja atachapiwa kwa wino mpya, na hakuna atakayerudisha koti. Ila kuanzia kesho Mama Matone atapeleka chupa zake kwa wifi kila asubuhi, wifi atanusa kandokando ya mfuniko, na wote wawili watatia sahihi. Mama Matone akasema afadhali afukuzwe. Alisema huku anafunga vifungo.

Asubuhi iliyofuata alizivuka hatua nane na kuitua chupa bila salamu. Wifi aliinama, akachukua muda wake, akanusa upande huu na ule. Akashika kalamu, akatia sahihi.

"Chupa haina harufu," akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Mwenye chupa sijaulizwa."

Mama Matone akatia yake juu ya ile ya wifi, kwa herufi kubwa zaidi.