Weupe wa Macho

Daktari alizima taa ya chumba chake, akafungua pazia, akanishika bega na kunisogeza dirishani. Alivuta kope langu la chini kwa kidole gumba, akatazama jicho moja, akatazama la pili, kisha akamgeukia mume wangu aliyekuwa amekumbatia mkoba wangu mapajani.

"Manjano haya yameanza lini?"

"Manjano yapi?" mume wangu akauliza.

Hakuwa anatania. Mtu aliyekula kwa macho yake maisha yake yote alikuwa ananitazama usoni, mchana kweupe, na haoni kitu. Nimeshaambiwa kwamba nitakufa, na bado swali lile ndilo linalonikereketa zaidi.

Mume wangu ni mtu wa taa. Tangu ujana wake amepiga picha za harusi, za mahafali na za vitambulisho, mpaka mtaani wakamwita Fundi Mwanga. Kila mtu alipokuja kuwa na kamera kwenye simu yake, kazi ikamkimbia, akakaa nyumbani akinihesabia vifungo. Mimi ni fundi cherehani. Siku moja akaniambia, "Wewe una mikono na mdomo, mimi nina kamera. Tuwafundishe watu kushona kwa video." Mdomo ninao kweli, sikubisha.

Tukachukua chumba cha binti yetu, ambaye alikuwa ameshahamia mji wa mbali kwa kazi ya uuguzi. Chumba chenyewe ukishaingiza cherehani na meza ya kukatia, mtu wa tatu akitaka kupiga chafya lazima atoke nje. Humo ndimo mume wangu alimosimamisha stendi zake tatu. Taa kuu aliiweka kushotoni kwangu, juu kidogo ya kichwa, akaifunika kwa shuka jeupe ili mwanga uje taratibu usinichome macho. Taa ndogo akaiweka kulia kupunguza kivuli cha pua. Ya tatu ikakaa nyuma yangu, ili kilemba changu kisimezwe na ukuta. Dirisha akaliziba kwa blanketi jeusi, akalipigilia misumari pande zote. Mwanga wa jua na mwanga wa taa, alisema, ni wake wenza, ukiwaweka chumba kimoja hulali.

Na kila siku, kabla hatujaanza, alinishikisha karatasi nyeupe mbele ya uso. Kamera haijui nyeupe ni ipi mpaka uionyeshe, na ikishaijua nyeupe, rangi nyingine zote zinakaa mahali pake. Nilimzoea. Nikishika karatasi nafumba macho, nikisikia "haya" naishusha na kuanza kusema.

Siku moja nilikuwa nafundisha kuweka kola ya shati. Akachomoza kichwa nyuma ya kamera, amekunja uso.

"Picha ina manjano," akasema.

Akabadilisha balbu. Manjano yakabaki. Akautuhumu ukuta, tukaupaka rangi upya mimi na yeye, tumejifunga matambara vichwani, tunacheka. Manjano yakabaki. Akakituhumu kilemba changu, akalituhumu zulia, akaituhumu hata cherehani yangu kwa sababu ina maandishi ya dhahabu. Kila kitu chumbani mle kilishtakiwa isipokuwa mimi.

Mwisho akaishika karatasi yenyewe, akaigeuzageuza. "Imezeeka hii. Karatasi ikikaa inapoteza weupe, inaidanganya kamera."

"Nunua nyingine."

"Nyingine ya nini? Hakuna karatasi duniani iliyo nyeupe kushinda jicho la mtu. Hata kwenye vitambulisho nilikuwa nalenga jicho tu, na hakuna aliyewahi kunirudishia picha."

Akaketi mbele ya kompyuta, akaivuta sura yangu mpaka jicho langu likajaa skrini, likawa kubwa kama sahani. Akabofya kwenye weupe wa jicho, akaiambia mashine kwamba hii ndiyo nyeupe. Manjano yakatoweka. Uso wangu ukarudi, mzuri, umetulia, kama wa mwaka niliomzaa binti yetu. Tulipeana mikono kwa furaha, wazee wazima.

Tangu hapo akawa anafanya hivyo kwa kila video. Kasoro ikawa moja tu, kwamba kitambaa cheupe kilitoka samawati. Mtazamaji mmoja aliniandikia, "Mwalimu, hicho kitambaa cha rangi ya mbingu unakipata duka gani?" Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Mume wangu akaniambia niache kushona vyeupe, nikahamia vitambaa vyekundu na vya maua.

Wakati huohuo nilikuwa najikuna. Nilijikuna viganja, nikajikuna nyayo, nikabadilisha sabuni mara sijui ngapi. "Usijikune, kinasa sauti kinashika," mume wangu aliniambia, nami nikajifunza kukunja ngumi chini ya meza. Mkojo wangu ukawa mweusi kama chai ya rangi, nikasema sinywi maji ya kutosha. Jirani yetu mwanamke akanisimamisha getini. "Unajipaka nini siku hizi? Umetakata!" Nikavimba kichwa siku nzima. Aliongeza kwamba macho yangu yanaonekana yamechoka, nikamwambia ni sindano, kazi ya sindano inakula macho.

Binti yetu hakukosa hata video moja. Mtandao wa kule kwao hauwezi simu za picha, lakini video zetu alizipakua akiwa kazini na kuzitazama kwa utulivu. Alikuwa ananipigia. "Mama, umeng'aa! Baba anakulisha nini?" Na mimi nilikuwa namwambia baba yake, mwenzio anauliza unanilisha nini, naye anacheka nyuma ya kompyuta yake bila kugeuka.

Nilipoanza kukonda na chakula kikawa hakipiti, ndipo tukaenda kwa daktari. Baada ya vipimo alituita tena na kuongea taratibu. Kuna uvimbe, alisema, umeziba njia ya nyongo, ndiyo sababu ya manjano na kujikuna. Ungekuwa umeonekana ulipoanza, ulikuwa unakatika. Sasa umeshasambaa kwenye ini.

"Kwa hiyo tunafanyaje?" mume wangu akauliza.

"Tutampunguzia maumivu. Na kule kujikuna, kuna dawa."

Nilishukuru kwa dawa ya kujikuna. Sijui kwa nini, lakini nilishukuru sana, kama vile nilikuwa nimekwenda kwa hilo tu.

Tulirudi nyumbani, nikalala. Nilipoamka mchana mume wangu hakuwepo kitandani. Nilimkuta studio, amezitoa video zote kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla hajazigusa, na ameziweka kwenye skrini sambamba na zile alizozisafisha. Kushoto niko mimi na macho yangu yanaiva wiki hadi wiki, kama ndizi. Kulia niko mimi, mzima wa afya.

"Nilidhani ni karatasi," akasema.

Nilimwekea mkono kichwani. Nasema kweli, wakati ule sikumkasirikia. Mimi mgonjwa ndiye niliyembembeleza.

Hasira ilikuja binti yetu alipopiga simu. Tulikuwa tumempa habari asubuhi, tulipotoka kwa daktari, akakata simu. Sasa alipiga, nikaweka simu kwenye sauti kubwa ili baba yake naye asikie.

"Mama, mimi nimekutazama kila wiki," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Kitu cha kwanza tunachofundishwa ni kuangalia macho ya mgonjwa. Cha kwanza kabisa. Nimerudia kuzitazama zote leo. Sioni, mama. Mpaka sasa sioni! Nina nini mimi?"

"Huna kitu, mwanangu."

"Leo nimeshindwa kuingia wodini. Nimesimama mlangoni nikajiuliza, kama nilimpita mama yangu, hawa nitawapitaje? Kesho namwambia mkuu wangu naacha. Sifai."

Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, bega kwa bega. Nikamtazama, nikangoja afungue mdomo. Akainua mkono, akautikisa mbele ya simu: usiseme, usiseme. Moyo wangu ukawaka.

Nilipokata simu nilimgeukia. "Umemsikia mtoto?"

"Nimemsikia."

"Na umenyamaza."

"Ungetaka nimwambie nini? Kwamba baba yako ndiye aliyefuta?" Macho yalimjaa machozi. "Wewe unaondoka, mke wangu. Nikimwambia, nitabaki na nani? Ana ujana, atasahau. Mimi nikimpoteza huyu sina mwingine."

"Hatasahau. Ataacha kazi, na kila akijitazama kwenye kioo atamwona mtu aliyemuua mama yake."

"Nipe siku chache."

"Siku chache za nani?"

Nililia, sikujizuia. Nilikuwa na watu wawili tu duniani, na jambo hili lilikuwa lazima mmoja wao alibebe. Binti yangu alikuwa analibeba bure. Mume wangu nimeishi naye tangu hajaota mvi, nilijua uzito ule utamvunja. Nilimpenda, na nilimchagua mtoto.

"Ng'oa hilo blanketi," nikamwambia.

"La nini?"

"Ling'oe."

Akachukua koleo, akang'oa misumari mmoja mmoja. Blanketi likaanguka, na jua likaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu binti yetu alipohama. Nikaona vumbi juu ya stendi, nikaona alama za brashi zetu ukutani. Nikaiona mikono yangu juu ya meza. Ilikuwa na rangi ya manjano ya unga wa dengu.

"Kaa kwenye kiti changu."

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye taa kuu. Nikamwambia aiache. Akakaa mbele ya cherehani, amenywea, hajui mikono aiweke wapi. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa upande ule. Mimi nikasimama nyuma ya kamera, nimeishikilia meza nisianguke.

"Umesawazisha weupe?" akaniuliza.

"Sijasawazisha kitu. Sema."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Alijikohoza. "Mwanangu," akaanza, kisha akafuta uso kwa kiganja. "Subiri, turudie hapo. Nimeanza vibaya."

"Haturudii. Endelea."

Akaendelea. Alimwambia habari ya balbu, ya ukuta, ya karatasi. Alimwambia jinsi alivyobofya jicho la mama yake akaliita jeupe. "Wewe macho yako hayana kosa," alisema. "Uliletewa picha ya uongo. Aliyekuwa na mama yako chumbani ni mimi, nami nilikuwa naitazama skrini." Hapo akainamisha kichwa juu ya cherehani yangu. Nilizima kamera. Tuliituma vilevile, pamoja na zile video ghafi, na mume wangu ndiye aliyebofya kutuma. Heshima hiyo nampa.

Binti yetu hakupiga simu. Alikuja.

Nilisikia geti, nikasikia viatu vyake, na mume wangu akakimbilia mlangoni, amenyoosha mikono kupokea begi. Hakusikia shikamoo. Binti yetu alimpita kama anavyopitwa mtu usiyemjua kwenye foleni, akaja moja kwa moja chumbani kwangu, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemsalimia baba yako?"

Akavuta kope langu la chini kwa kidole gumba, taratibu, vilevile kama daktari. Alitazama kwa muda mrefu. "Nayaona," alisema. "Nayaona, mama." Akaweka kichwa kifuani kwangu akalia, na ndani ya kilio kile nilisikia pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Kazi hakuacha, ameomba likizo tu. Ananiogesha, ananichoma sindano, anazijua dawa zangu kuliko karatasi za maelezo zilizo ndani ya pakiti zake. Nikimtazama akipima matone najua nilifanya sawa. Lakini na baba yake hawasemezani. Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa ukali, nimejaribu hata kwa utani, na nguvu za kusema zinanipungua kila kukicha.

Leo mawingu yametanda tangu asubuhi na chumba ni giza. Mume wangu akaona binti yetu anahangaika kuutafuta mshipa mkononi mwangu. Akatoka, akarudi na ile taa kuu, amekwisha kuifunika shuka lake jeupe. Akaisogeza, akaiinamisha, akarudi nyuma kuangalia, akaisogeza tena kidogo isinichome macho. Kisha akaiwasha. Ulikuwa mwanga mzuri sana.

"Mama," binti yetu akasema, hajainua uso, "mwambie mumeo azime hiyo taa. Nataka mwanga wa dirisha."

Mume wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, kidole bado kiko kwenye swichi. Hakuizima. Alinitazama mimi, akangoja. Nilidhani nitapata muda wa kuwapatanisha kabla sijaondoka, na muda wenyewe siuoni.

"Izime, mume wangu," nikasema.

Akaizima. Chumba kikarudi kijivu, na wote wawili wakabaki wananitazama, wakingoja niseme linalofuata.