Kigogo cha Honoré

Tangu asubuhi Vestine hakutulia. Alifunga kitenge akakifungua, akamgombeza binti yake Falone bila sababu, akasimama akakaa tena. Chanzo kilikuwa hao askari. Kikosi cha uchukuzi, kile kinachowapelekea chakula na risasi wenzao walio msituni, kilisimamisha malori yake hapo Nyabiondo kikielekea Walikale, na kapiteni wake, mtu anayependa sana sauti yake mwenyewe, aliwaita watu wote wasikilize historia ya kikosi.

"Tulianza na kamio moja tu!" alipaza sauti, akipiga ubavu wa lori kuukuu la rangi ya jeshi, lililoegeshwa mtelemkoni. "Njo hii! Zingine zote iko watoto yake!"

Watu wakapiga makofi, maana nani atamnyima makofi mwenye bunduki? Vestine hakupiga. Macho yake yalikuwa chini, kwenye kigogo kilichozuia gurudumu la nyuma. Kilikuwa cheusi, kimebonyea upande mmoja, na pembeni kina alama ya kuungua. Alikijua. Ilikuwa nusu ya kinu chake.

Kinu hicho kilipasuka akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, akiwa na mimba ya Falone. Mumewe, Honoré, alikuwa dereva, na lori lake halikuwa na breki ya mkono ya kuaminika. Akachukua kipande kimoja, akakichonga, akasema hakuna mti mgumu kuliko ule uliovumilia mikono ya Vestine. Wakacheka. Wiki ileile akaenda Walikale na mzigo wa maharage, arudi na mafuta ya mawese, na hakurudi. Baadaye wapita njia walisema wamemwona Kisangani, amenenepa, ana mke mwingine. Wapita njia hawakosi cha kuona! Vestine alilia, akamlaani, akalima maharage yake na kumlea mtoto peke yake. Lakini kila lori lilipokohoa mlimani, miguu ilimtoa nje kabla akili haijamkataza. Alikuwa amechoka na miguu hiyo.

Hotuba ilipokwisha, injini zikawashwa. Askari mmoja akachomoa kigogo ili akirushe juu ya lori. Vestine akamnyang'anya, akakikumbatia.

"Mama, leta hiyo kitu!"

"Sitaleta. Muniambie kwanza, muntu mwenye alichonga hii iko wapi?"

Kapiteni alicheka, kisha akaacha kucheka. Mvua ilikuwa imeshafunika milima ya kuelekea Kashebere, na huko mbele kulikuwa na miinuko ambayo hakuna dereva mwenye akili angeipanda bila kigogo. Falone akamvuta mkono. "Mama, tuende. Niko nasikia haya."

Vestine hakuachia. Kama Honoré aliwauzia lori akaenda kunenepa Kisangani, basi waseme hapohapo mbele ya watu, angalau miguu yake ipumzike.

Dereva wa lori lile, askari mwenye mvi na cheo cha ajida, aitwaye Byamungu, aliliegemeza kwenye ukingo wa barabara, akazima injini, akashuka akichechemea. Alivua kofia.

"Honoré njo alichonga," alisema. "Tulimukuta Kashebere. Tulikuwa na wagonjwa wa vita, hatuna hata kamio moja. Nami nilikuwa kati yao, muguu yangu imevunjika. Tukamuomba atufikishe Walikale. Akamwaga chini muzigo yake yote, akatupakia. Mu mulima ya mbele injini ikazima, kamio ikaanza kurudi nyuma kwa korongo. Honoré akaruka na hiyo kigogo. Kamio ilisimama, mama. Lakini ilimusimamia yeye. Sisi wote tulipona. Tulimuzika palepale juu ya njia, na musalaba."

Hakuna aliyepiga makofi sasa. Falone aliuachia mkono wa mama yake.

"Na hamukukuja kusema?" Vestine aliuliza. Sauti haikuwa yake.

"Nilikuja! Muguu ilipopona nilikuja mimi mwenyewe, nikazunguka hapa Nyabiondo nauliza bibi ya Honoré. Kila muntu: hatumujui. Hata ku maji nilikuta mama moja, mutoto ku mugongo. Nikamuuliza, unajua Vestine, bibi ya Honoré? Akasema, 'Hiyo jina haiko hapa.' Nikarudia ku kikosi."

Vestine aliona tena mtungi wake pale kisimani, yule askari kijana anayechechemea, uzito wa Falone mgongoni. Siku hizo askari kukuulizia kwa jina halikuwa jambo la heri, na mlima mzima ulificha watu wake kwa jibu moja. Yeye alijificha mwenyewe. Tena alirudi nyumbani akijisifu, akawasimulia majirani, wakamwita mjanja. Miaka yote hiyo alikuwa akimlaani mtu aliyelala karibu hivyo, mtu ambaye hakumwacha hata kidogo.

Byamungu alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza. "Na wewe, mama? Wewe njo nani?"

Ulimi wake, kwa mazoea, ulikuwa tayari na jibu lake la zamani. Akalimeza. Akamtazama binti yake.

"Vestine," alisema. "Bibi ya Honoré. Njo mimi."