Jicho la Kushoto la Chiriku

Chiriku alikaa kwenye stuli ya maabara, akiziba jicho la kulia kwa kiganja. Mjomba wake alimnyooshea vidole viwili.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Na sasa?"

"Mjomba, unabadilisha kila nikikaribia kupata!"

Mama yake alicheka, akaacha ghafla.

Mtoto wa jicho alishaondolewa, lenzi mpya ikawekwa, na daktari alisema kweli: jicho lenyewe halikuwa na kasoro tena. Kasoro ilikuwa nyuma, kwenye ubongo. Miaka ya mwanzo, seli za kuonea hujiunga na jicho linaloleta picha. Hili la kushoto lilileta ukungu tu, kwa hiyo la kulia likachukua nafasi yote. Baadaye wavu mwembamba wa sukari na protini huzizunguka seli hizo, na miunganiko kati yake hukaza isibadilike tena. Miezi ya kuziba jicho zima, la kulia, haikubadilisha kitu.

"Si uliniambia mmepata kimeng'enya kinachokata huo wavu?" mama yake Chiriku alimuuliza kaka yake. "Ulipiga simu umefurahi mpaka unapayuka. Panya wameona, ulisema."

"Panya, dada."

"Nimesikia panya. Kiko humu?"

Kilikuwa kwenye friza, nyuma ya mjomba.

"Tunamtoboa panya fuvu," alisema. "Sindano inaingia kwenye ubongo wenyewe. Na hakichagui, kinakata kila wavu kinaougusa. Kingemfanya nini mtoto, sijui."

"Hujui. Nusu ya umri wako unasomea kitu hikihiki."

"Ndiyo."

"Nionyeshe huyo aliyepona."

Aliwapeleka chumba cha pili. Panya mweupe, jicho lake zima limezibwa, aligeuza kichwa kufuata mkono wa mama mtu uliopita mbele ya kizimba. Mama akaurudisha mkono. Panya akaufuata tena.

Chiriku alibandika pua kwenye nyaya. "Huyu naye alikuwa kama mimi?"

"Alikuwa."

"Akafanya nini mpaka akapona?"

Mama yake naye alimtazama kaka yake, kana kwamba jibu hilo hajalisikia bado.

"Hakufanya kitu," mjomba alisema.

"Mvivu kama mimi, basi," Chiriku alisema, akacheka peke yake.

Mama yake alimfunga vifungo vya sweta, ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kujifunga mwenyewe.

"Niendelee kumziba lile zima?"

"Endelea."

"Itamsaidia?"

Mjomba alitafuta sentensi iliyokuwa kweli.

"Haitamdhuru," alisema.